Vikombe Thelathini na Kimoja

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na juu yake kulikuwa na namba mbili zilizoandikwa kwa wino mzito wa bluu. Ya juu ilikuwa kumi na saba. Ya chini ilikuwa thelathini na moja.

Namba ya juu ilikuwa yangu. Niliitafuta kwa miguu siku nne, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwenye mawe makubwa hadi ukingoni mwa korongo, nikimwuliza kila mwenye nyumba ana watoto wangapi waliofikia umri wa darasa la awali. Ya chini ilitoka kwenye daftari la mahudhurio la mwalimu wa kujitolea wa shule yetu shikizi. Afisa ustawi wa jamii aliyetoka halmashauri, binti mwembamba aliyevaa buti za mvua wakati mvua yenyewe bado, alizigonga namba zile kwa kalamu, moja baada ya nyingine, akatuuliza kwa upole ni ipi aipeleke kwenye mpango.

Kila mwaka, kabla halmashauri haijakaa kupanga, maafisa huja kupitia huduma za watoto kijiji kwa kijiji. Wanataka kujua kliniki inaendaje, uji shuleni upo au haupo, kamati ya kulinda watoto inakutana au imelala. Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu, na nadhani pia kwa sababu wenzangu wote siku ile waliinamisha vichwa.

Shule shikizi ni darasa la wadogo wasioweza kufika shule mama. La kwetu tulilijenga wenyewe kwa tofali za kuchoma, upande huu wa korongo, baada ya ule mwaka maji yalipomchukua mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akivuka kwenda shule. Wachunga ng'ombe walimkamata kwa sweta, akiwa ameshakunywa maji ya kutosha. Alipona, namshukuru Mungu, na leo ni msichana mkubwa. Lakini darasa lile tulilijenga kwa sababu yake, na hakuna mtu aliyehitaji kubembelezwa kubeba tofali.

Binti wa halmashauri alitueleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kama watoto ni kumi na saba tu, darasa halifikii kiwango, na kuanzia Januari wataunganishwa na shule mama. Kama ni thelathini na mmoja, darasa linabaki, na kwenye mpango litaombewa mwalimu wa kuajiriwa. Kisha akasema kitu kilichonikera: kwamba namba inapopanda namna ile kwenye mahudhurio, mara nyingi ni mwalimu ameongeza majina ili darasa lisifungwe.

Januari ni korongo limejaa. Na nilikuwa na mjukuu katika darasa lile, wa miaka mitano, miguu yake haijafika hata kwenye pedeli ya baiskeli.

Nikasimama. Nikasema namba zote mbili ni za kweli.

Wanaume walicheka. Mtendaji wa kijiji, ambaye kwa kawaida ni mtu wa heshima, alinikumbusha kwamba kumi na saba na thelathini na moja haziwezi kuwa sawa hata kwa mtoto wa awali. Nilimjibu kwamba najua kuhesabu, nilimaliza darasa la saba kabla yeye hajazaliwa. Nikakaa chini. Nilijua sikudanganya, nilijua mwalimu yule hawezi kudanganya, na nilijua mtendaji ana haki ya kucheka. Mambo matatu hayo niliyabeba pamoja hadi nyumbani, na hakuna lililokaa vizuri na lingine. Tulipewa hadi Ijumaa tulete orodha moja iliyo sahihi, ya majina.

Asubuhi nilikwenda darasani mapema. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa kidole. Mama yangu aliwahi kunichapa mkono kwa kuwahesabu wadogo zangu wakati wanakula, akaniuliza kama nimeona ni kuku wa kupelekwa mnadani. Tangu hapo, hata kwenye kamati, ninapohitaji idadi natafuta kitu kingine cha kuhesabu. Siku ile nilihesabu vikombe. Mama wa zamu alikuwa akipika uji wa uwele nyuma ya darasa, na vikombe vilikuwa vimepangwa mchangani kwa mistari: vya plastiki, vya bati, kimoja ni kopo la siagi lililotobolewa na kutiwa waya wa kushikia. Upepo ulikuwa unavipuliza vile vyepesi vinaanguka, navisimamisha naanza upya. Nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia. Thelathini na kimoja. Kilikuwemo na kile cha kijani cha mjukuu wangu, chenye ukingo ulioyeyuka siku alipokiacha karibu na mafiga. Nilikihesabu kama vingine nikapita.

Basi mwalimu alikuwa mkweli. Nikafungua daftari langu, na lenyewe nikaona ni la mtu mkweli: nyumba zote zimo, tarehe zimo, hakuna niliyoiruka. Nilianza kufikiri kwamba labda watoto wanavuka kutoka kitongoji cha jirani. Mwalimu alikataa, akasema kila jioni anawaona wakitawanyika kwenye nyumba zilezile ninazozijua. Nikamwuliza mtoto mmoja anakaa wapi. Kwa bibi, akasema. Nikamwuliza wa pili, naye kwa bibi. Nikachoka kuuliza. Kichwa kilikuwa kinaniuma, na jua halijafika hata kwenye mapaa.

Mchana niliamua kuwafuata wawili, ndugu, wa kike na wa kiume, walioshikana mikono njia nzima. Waliingia kwa jirani yangu, mjane aliyenizidi umri kidogo, ambaye namwita dada ingawa hatuna undugu wowote zaidi ya kuazimana ungo. Nilimkuta anaanika mlenda juu ya jiwe. Watoto walimpita wakaingia ndani kuvua sare, kama watu wanaoingia kwao.

Nikafungua ukurasa wake. Nilikuwa nimeandika: hakuna.

"Dada," nikamwambia, "hawa waliopita hapa ni nani?"

Akasema ni wajukuu zake, wa binti yake wa pili, kwani nimesahau? Wapo tangu mwaka juzi. Hapo hasira zikanipanda. Nilimwuliza kwa nini basi aliniambia nyumba yake haina watoto wa awali, na mimi nimetembea juani siku nne kwa ajili ya majibu kama hayo. Hakuinua hata sauti. Aliendelea kutandaza majani yake.

"Uliniuliza watoto wa nyumba hii," akasema. "Hawa wana kwao. Baba yao alitoa ng'ombe. Ukiwaandika kwangu, kesho watu wa kwao watasema bibi amewaiba. Hapa ni wageni tu."

Nikamwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa mbona jembe limeshaisha makali? Akacheka hadi akakohoa. Halafu akanitazama kwa lile jicho lake la kujua mambo ya watu.

"Na wewe kwako uliandika wangapi?"

Sikuhitaji kufungua, lakini nilifungua. Zoezi lile nililianzia kwangu, alfajiri ya siku ya kwanza, ili niwe nimemaliza nyumba moja kabla jua halijawa kali. Ukurasa wa kwanza. Mwandiko wangu ule unaosifiwa, umelala vizuri kwenye mstari: watoto wa umri wa awali, hakuna.

Mjukuu wangu alikuwepo wakati naandika. Alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kigoda, amenishikia kifuniko cha kalamu. Nilipomaliza alinirudishia.

Nilimchukia jirani yangu kwa muda wa kama dakika moja, kisha nikaona haya. Nilirudi nyumbani bila kuaga vizuri. Nilijaribu kukumbuka nilifikiri nini alfajiri ile, na sikumbuki kwamba nilifikiri chochote. Sikusitasita. Nilijiuliza swali, nikajijibu, nikaandika, nikafunika kalamu. Kama mtu angenisimamisha pale akaniambia nimemruka mtoto, ningemwambia sijaruka mtu.

Nieleze jinsi alivyofika kwangu. Binti yangu aliolewa upande wa Mkalama, kwa ng'ombe, kwa heshima zote. Ndoa ilipomshinda alirudi na mtoto wa miaka miwili mgongoni na mfuko mmoja wa nguo zake. Baadaye akapata mwanaume mwingine, wa Manyoni, akaniambia anatangulia kujipanga na atamfuata mtoto baada ya mavuno. Tulivuna alizeti mwaka ule, akasema hajakaa sawa. Tukavuna tena. Juzi juzi tumevuna mara ya tatu. Watu wa Mkalama nao hawajawahi kuuliza. Ule mfuko bado unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na nguo za mjukuu wangu zinakaa humo, hata zile nilizomnunulia mimi. Tukifua, zikikauka, tunazikunja tunazirudisha mfukoni na kufunga kamba. Sikumbuki nani alianzisha utaratibu huo. Watu wakiniuliza habari zake nasema yupo yupo tu, mama yake anakuja kumchukua. Naye husikia.

Sasa nilielewa namba ile ilikopotelea, lakini kuelewa hakukunisaidia sana. Kitongoji kizima kilikuwa kimejaa watoto waliokuwepo na ambao mwenye nyumba, akiulizwa kwa heshima na katibu mwenye daftari, anasema hawapo. Na katibu mwenyewe ni mmoja wa wenye nyumba hao.

Nilianza upya. Safari hii sikuuliza nyumba ina watoto wangapi. Niliuliza nani ameamkia hapa leo, na nani atakunywa uji kesho. Majibu yakaanza kutoka. Lakini mabibi wale si watu wa kusukumwa. Wa kwanza alikubali kwa sharti kwamba nitumie penseli. Alisema wenyewe wakija kumchukua mtoto, afutwe, isibaki alama kwamba aliwahi kuwa wa hapa. Nilipofika kwa wa pili habari ilikuwa imenitangulia, naye akataka penseli. Wa tatu alikuwa ameshachonga penseli yake mwenyewe, akanipa. Mzee mmoja, babu, alisema yeye hajali kalamu wala penseli, ila mkewe akatoka jikoni akasema anajali. Nilizunguka siku mbili nikiandika majina kumi na manne kwa mwandiko mwepesi kama wa mtu anayeogopa kuamsha karatasi.

Kumi na tatu, niseme ukweli. La kumi na nne sikuliandika. Nilijiambia siwezi kumwandika mtoto wa mtu bila kumwuliza mama yake. Ilikuwa hoja nzuri, ila wa wenzangu wote nilikuwa nimewaandika bila kumpigia mama wa mtu yeyote.

Alhamisi jioni nilipanda juu ya jiwe ambako simu hushika vizuri. Binti yangu alipokea haraka. Shikamoo mama, habari za nyumbani, mvua vipi, na mimi nikamwuliza habari za huko. Nilimweleza mambo ya darasa, korongo, namba mbili ukutani. Nilimweleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Nilimwambia wanataka orodha ya watoto wanaoishi hapa, na kwamba nikimwandika mwanawe itakuwa ni kama kusema anaishi kwangu, si kwamba anasubiri. Nikamwambia kama anakuja kumchukua kabla ya Januari, basi sina haja ya kumwandika.

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini, na mtoto mchanga akilia karibu na simu. Sikujua kama kuna mtoto mchanga.

"Mwandike, mama," akasema.

Nilitaka akatae. Mpaka alipolisema lile neno sikuwa nimejua kwamba ndicho nilichopandia jiwe. Nilitaka anifokee, aniambie nina haraka gani, mwanangu ni wa kwangu nakuja. Nilimwambia haya, msalimie mwenzio. Nilishuka kwa makalio kama mtoto. Usiku ule nilimwandika mjukuu wangu. Kwa penseli, na mimi.

Ijumaa ofisi ilikuwa imejaa. Mabibi walikuja wenyewe, wote, wakakaa kwenye mabenchi ya nyuma na vitenge vyao vya kanisani na mitandio yao ya msikitini, kuhakikisha sijawauza. Binti wa halmashauri alinisalimia shikamoo, akapokea orodha, akaisoma jina kwa jina. Alifika mwisho akaanza upya. Akaniuliza hawa kumi na wanne walikuwa wapi mara ya kwanza.

"Walikuwepo," nikamwambia.

Akasubiri niendelee. Hatimaye yule jirani yangu akasimama nyuma, akamweleza mwenyewe, mambo ya ng'ombe na mambo ya kwao, kwa Kiswahili kilichokuwa kinateleza kwenda Kinyaturu kila alipokasirika. Binti yule alisikiliza bila kuandika. Alipotaka kuandika, fomu yake haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Ilikuwa na kiboksi cha yatima, na cha aliyetelekezwa, na cha anayeishi katika mazingira magumu, na kila alichokisoma kwa sauti mabibi waliguna. Mtendaji akapendekeza viachwe wazi. Nilimpenda kwa hilo, na nikamsamehe kile kicheko.

Tukadhani yameisha. Kisha binti akageuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwa masikitiko kwamba ofisi haipokei penseli. Akanyoosha kalamu yake kwangu.

Niligeuka nikawaangalia. Nilitegemea mmoja atasema hapana, na kama angesema ningeiweka kalamu chini, darasa lifungwe, tujue moja. Hakuna aliyesema. Yule wa kwanza, aliyeanzisha mambo ya penseli, alikuwa anaangalia mikono yake. Wote walikuwa wanalijua korongo lile.

Nikaanza kupitisha wino juu ya majina. Niliyapitia polepole, nikimtazama bibi wa kila jina kabla sijaanza herufi yake, na kila mmoja alitikisa kichwa kidogo, au alifumba macho. La mwisho lilikuwa la kwangu, na sikuwa na wa kumtazama. Nililiandika. Kalamu ilitoka nje ya mstari kwenye jina la baba yake, la ukoo wa Mkalama, na binti akaniambia si kitu, mama, linasomeka. Darasa likaingia kwenye mpango. Mwakani watakuja kupitia tena.

Watu walipiga makofi, nami nikapiga, bila kujua hasa tunapigia nini. Tulikuwa tumeshinda. Lakini mabibi walitoka nje, kila mmoja njia yake, na jirani yangu hakunisubiri.

Nyumbani mjukuu wangu alikuwa anafagia uwanja kwa ufagio mrefu kuliko yeye. Aliniuliza kama mwalimu ataendelea kuwepo. Nikamwambia ataendelea. Akauliza kama ni kweli walikuwa wanaandika watoto. Habari kwetu haihitaji mtandao. Nikamwambia ni kweli.

"Na mimi nimeandikwa?"

"Umeandikwa."

"Wa hapa?"

"Wa hapa, mjukuu wangu."

Akafagia kidogo. Akasimama.

"Kwa hiyo mama haji?"

Miaka mitatu nilikuwa na jibu la swali hilo, na lilikuwa tayari mdomoni, la baada ya mavuno. Nililimeza. Nikamwambia sijui. Hakulia. Alikaa anafikiri, ameegemea ule ufagio, na mimi nikawa naangalia viatu vyangu, maana sikujua bibi anapaswa kufanya nini na uso wake wakati kama huo.

Kisha akaniuliza kama kwenye sanduku langu la nguo kuna nafasi.

Nikamwambia ipo. Haikuwepo, ilibidi nitoe vitenge viwili na kitabu cha nyimbo, nikaviweka juu ya kitanda, wakati yeye anafungua kamba ya ule mfuko wa nyuma ya mlango.